Mafuta yamekatika au yamekatizwa?

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule na vyuo vyetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, hotuba na methali, na kwamba mtu atakaye kuzungumzia mitambo sharti ahamie Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha ngeli na fasihi, mwalimu wa ufundi hufundisha injini, na wawili hao hukutana katika chumba cha walimu wakati wa chai tu. Dhana hiyo ingekuwa jambo la kuchekesha lau isingekuwa na hasara. Lakini hasara ipo, na wanaoilipa ni kijana mwenye spana mkononi pamoja na abiria anayesafiri katika chombo kilichotengenezwa na kijana huyo.

Ningependa kuipima dhana hiyo kwa jambo moja dogo la kiufundi, nalo ni namna injini ya gari la siku hizi inavyopangwa ili ikate mafuta na kuyarudisha kwa wakati wake. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, halikuwamo katika ufundi wa kabureta ambao wazee wetu waliujua kwa sikio na kidole. Pili, lisipoeleweka huleta gharama, na wakati mwingine maafa. Ikiwa Kiswahili kitaweza kulieleza jambo hilo, basi wanaodai kwamba lugha hii haina uwezo itawabidi watafute hoja nyingine.

Tuanzie mahali ambapo hapana gari hata moja. Remba ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay, jirani na kisiwa cha Ringiti. Nyumba za mabati zimebanana hapo, na ndani yake wanaishi wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, watu waliovutwa na samaki aina ya mbuta na omena. Chombo cha usafiri ni mashua, na moyo wa mashua ni injini inayofungwa nyuma, aghalabu ya mipigo miwili na yenye kabureta, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Fundi wa ufuoni huifungua injini hiyo, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na kuirudisha majini kabla ya jioni. Elimu yake hakuipata kitabuni. Aliipata kwa kutazama, kuuliza na kuelezwa, na lugha alizoelezwa nazo ni zile zinazosemwa ufuoni, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Fundi huyo akivuka hadi Mbita, kisha akaenda Homa Bay au Migori kutafuta kazi katika gereji, atakuta magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani, hasa Toyota Probox, gari lililoanza kuuzwa mwaka 2002 na ambalo limekuwa kipenzi cha wabeba abiria wa Nyanza. Injini yake si ngeni kwake kabisa, kwani silinda, pistoni na plagi ni ndugu wa zile alizozizoea. Kilicho kigeni ni kompyuta inayoamua kiasi cha mafuta, pamoja na lugha ambamo maamuzi hayo yameandikwa. Hapo ndipo ujuzi wake unapogonga mwamba, na sisi walimu tunapaswa kujiuliza iwapo mwamba huo ni wa ufundi au ni wa lugha.

Kabureta haina hiari. Pistoni ikifyonza hewa, hewa hiyo hupita penye koo jembamba na kuvuta petroli pamoja nayo; pakipita hewa, mafuta hufuata. Injekta ni tofauti. Hiyo ni valvu ndogo ya umeme ambayo kompyuta huifungua kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, kisha ikaifunga. Kabla ya kuamua, kompyuta hupokea habari kutoka kwa vihisi kadha wa kadha: kasi ya mzunguko wa injini, kiasi cha hewa iingiayo, joto la maji, nafasi ya kilango cha hewa, na oksijeni iliyobaki ndani ya bomba la moshi. Lengo la kawaida ni kupata karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Ufundi huu haukuzuka jana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuunda kwa wingi pampu za kusukuma dizeli mwaka 1927, na mwaka 1967 ikatoa mfumo wa umeme wa kupimia petroli uliotumika katika Volkswagen 1600. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, kabureta ilikuwa imetoweka karibu kabisa katika magari mapya ya Ulaya na Japani.

Kwa kuwa injekta hufunguka kwa amri, yaweza pia kunyimwa amri hiyo. Huko ndiko kukata mafuta, na kuna namna mbili kuu, kila moja ikiwa na vipimo vyake.

Namna ya kwanza hutokea gari linapoteremka mlima. Dereva ameondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, lakini gari lingali katika gia. Wakati huo injini haiyazungushi magurudumu, bali magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Mafuta ya nini basi? Kompyuta huyakata kabisa, na mizunguko ikishuka na kukaribia ule mwendo wa injini kunguruma gari likiwa limesimama, huyarudisha kabla injini haijazimika.

Fundi anayepanga kompyuta ya injini hana budi kujibu maswali manne. Tukate mafuta juu ya mizunguko mingapi? Tuyarudishe ikishuka hadi mingapi? Tusubiri muda gani kabla ya kukata? Injini iwe na joto kiasi gani? Tuchukue mfano wa darasani: tunakata juu ya mizunguko 1,800 kwa dakika na kurudisha kwenye 1,300. Pengo lile la 500 lina kazi yake. Kama tungekata na kurudisha pale pale penye 1,500, injini ingenyimwa mafuta, ikashuka kidogo, ikapewa, ikapanda, ikanyimwa tena, na abiria wangetikiswa kama waliopanda punda mkaidi. Kama tungesubiri hadi 800, dereva akikanyaga klachi ghafla injini ingezimika kabla mafuta hayajafika. Injini baridi huhitaji vipimo vya juu zaidi, au isikatiwe mafuta hata kidogo hadi ipate joto. Kusubiri kitambo, pengine nusu sekunde, huzuia mshtuko kila dereva anapobadilisha gia. Isitoshe, mafuta yanapokuwa yamekatwa, kihisi cha oksijeni huona hewa tupu ikipita. Kompyuta isipoagizwa ikipuuze kwa kitambo hicho, itadhani mafuta ni haba na kuyaongeza pasipo sababu.

Namna ya pili huhusu kikomo cha juu. Kila injini ina kasi ambayo ikizidishwa, springi hushindwa kuzifunga valvu kwa wakati, na vyuma viendavyo mbio hukaribia kuvunjika. Kompyuta hukata mafuta mara tu kasi inapogusa kikomo hicho. Mafundi wengine wa magari ya mashindano hupenda kukata cheche za plagi badala ya mafuta, lakini njia hiyo hupeleka petroli isiyoungua katika bomba la moshi, ikaungulia humo na kuharibu kifaa cha kusafishia moshi. Kukata mafuta nako kuna sharti lake: silinda inayonyimwa inyimwe kabisa. Kuyapunguza tu, injini ikiwa katika nguvu zake zote, huacha mchanganyiko wenye hewa nyingi unaoweza kuunguza pistoni.

Msomaji ataona kwamba mpaka hapa hatujahitaji kuazima sentensi hata moja ya Kiingereza. Maneno ya mkopo yapo, lakini hoja imejengwa kwa Kiswahili tangu msingi hadi paa.

Je, mtu asiyekuwa fundi anufaike nini na maelezo haya? Madereva wengi bado wanaamini kwamba kuweka gari huru mteremkoni, au niutro kama wasemavyo, ni kuweka akiba ya mafuta. Enzi ya kabureta imani hiyo ilikuwa na punje ya ukweli, kwa kuwa kabureta iliendelea kuilisha injini hata mguu ulipoondolewa. Leo, katika mteremko mkali ambao dereva angelazimika kushika breki, mambo yamegeuka. Injini iliyoachwa huru lazima ilishwe isizimike, ilhali iliyomo katika gia hailishwi chochote. Aidha, injini iliyomo katika gia husaidia kulizuia gari, na iliyoachwa huru hutupa mzigo wote kwa breki, ambazo zikipata joto la kupita kiasi hulegea. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko takriban mita 1,134. Dereva wa Probox atokaye Kisii kupitia Oyugis hadi Kendu Bay, ufuoni mwa ziwa, hushuka jumla ya zaidi ya mita 500. Ni wapi alikofundishwa kwamba kushuka huko akiwa ndani ya gia ni salama zaidi na hakumgharimu tone la petroli?

Malori ya dizeli nayo yana habari hiyo hiyo. Gavana iliyomo katika pampu za zamani hukata dizeli kwa nguvu za chuma, pasipo kompyuta yoyote, mguu ukiondolewa na gia ikiwamo. Hata hivyo, mteremko wa Salgaa katika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret umekuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara ni madereva wa malori kushuka wakiwa huru ili waokoe dizeli. Wanahatarisha maisha yao na ya wengine kwa ajili ya akiba ambayo, katika mteremko wa kushikia breki, haipo. Tumewaambia wasifanye hivyo, na tumewatoza faini. Lakini amri isiyoambatana na sababu huvunjwa pindi askari anapogeuza uso, na sababu haiwezi kutolewa ila kwa lugha ambayo mtu anaielewa sawasawa.

Sasa turudi ziwani. Mashua haina mteremko wa kushuka. Nahodha akipunguza mafuta, maji huishika mashua upesi, na kwa hiyo ile namna ya kwanza ya kukata haina faida kubwa hapo. Namna ya pili ndiyo yenye maana. Wimbi kubwa likiinua tezi ya mashua, rafadha, au propela kama iitwavyo na wengi, hutoka majini, mzigo hutoweka kwa ghafla na injini hupiga resi kwa kishindo. Injini yenye kompyuta hujikinga kwa kukata mafuta kwenye kikomo, ilhali ile ya kabureta isiyo na kinga kama hiyo hutegemea mkono mwepesi wa nahodha. Mtoto wa Remba ameusikia mlio huo mara nyingi kuliko alivyoisikia kengele ya shule. Mwalimu wake akianza na wimbi, kisha akaja kwenye kikomo, atakuwa ameanza na anachokijua mtoto. Mwalimu wa Kisii na aanze na mteremko. Wote wawili watafika mahali pamoja, na wanafunzi wao watatambua kwamba vipimo vya gari havihamishwi ovyo hadi kwenye mashua. Gari likizimika, abiria hushuka wakasukuma. Mashua ikizimika mbali na nchi kavu, upepo ukivuma, hakuna wa kushuka.

Hapa naomba ruhusa niingie katika taaluma yangu. Kiingereza cha vitabu vya magari hutumia neno moja kwa kukata kote huku. Kiswahili kina kitenzi kata na viambishi vinavyokizaa upya. Mafuta yamekatika, maana yake yamekoma bila ya mtendaji kutajwa: pengine chujio limeziba, pampu imechoka, au waya umelegea. Mafuta yamekatwa, maana yake yuko aliyeyakata, awe ni dereva aliyezima swichi au kompyuta iliyotimiza amri. Mafuta yamekatizwa, maana yake yamesimamishwa kwa muda na yanatarajiwa kurudi, nako ndiko hasa kukata kwa mteremkoni. Injini ikikohoa mlimani, swali la kwanza la fundi liwe hilo: yamekatika au yamekatizwa? Jibu moja humpeleka kwenye pampu na chujio. Jibu la pili humpeleka kwenye vipimo vya kompyuta. Tofauti kubwa namna hiyo imebebwa na viambishi ambavyo mwanafunzi wa shule ya msingi hutumia kila siku. Lugha yenye uwezo huo haistahili kuitwa maskini wa sayansi.

Wapo watakaopinga kwamba injekta, valvu na kompyuta ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Nawauliza: usukani tuliupata wapi? Neno hilo lilitoka Kiarabu, likataja kiongozi cha chombo cha majini, na magari yalipokuja likahamia humo. Kuegesha kulikuwa kukileta chombo ubavuni mwa kingine au kando ya pwani kabla hakujawa kulisimamisha gari kando ya barabara. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Lugha yetu ilikwisha kuvuka kutoka mashuani hadi garini kitambo, tena bila ya kuomba radhi. Mafundi nao hawakungoja kamati. Huko Tanzania wengi wao huita mngurumo wa gari lililosimama sailensi, na pande zote mbili za mpaka utasikia kwamba injini inamisi. Asasi kama BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimefanya kazi kubwa ya istilahi. Kilichobaki ni kuzikutanisha istilahi hizo na gereji, ili kila upande uusahihishe mwenzake.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Vitabu vya viwanda na vifaa vya kusomea hitilafu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, basi fundi asiyekijua ataachwa nyuma. Ni kweli, na wala sisemi asijifunze Kiingereza. Nasema kwamba kulisoma neno si kulielewa jambo. Aliyelielewa jambo kwa lugha anayoimudu hulitambua hata likivishwa jina geni, na aliyekariri jina tupu hulisahau mara mtihani ukiisha. Fundi wa namna hii ya pili, akioneshwa orodha ya vipimo, ama atavigusa kwa kubahatisha, ama atamwita mtu wa mbali mwenye kompyuta, naye akabaki kuwa mfungua nati katika gereji yake mwenyewe.

Visiwa hivi vina onyo jingine kwetu. Wenyeji wa Mfangano na Rusinga ni Wasuba, watu wenye lugha ya Kibantu ambayo wataalamu huihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini, kwani kwa vizazi kadhaa wengi wao wamehamia Kidholuo. Lugha haifi kwa kukosa nyimbo. Hudhoofika inapoacha kuwa lugha ya kazi, ya soko na ya kumfundishia mtoto. Kiswahili ni kikubwa na hakitakufa kesho. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Lakini hadhi isiyo na kazi huchakaa.

Basi tufanye nini? Mwalimu wa ufundi na aeleze kwanza kwa Kiswahili namna kitu kinavyofanya kazi, kisha atoe jina la Kiingereza litakalopatikana kitabuni. Mwalimu wa Kiswahili na aache kutunga insha za methali peke yake, mwaka nenda mwaka rudi. Awaagize wanafunzi waeleze kwa aya nne jinsi injini inavyokatiwa mafuta mteremkoni. Wanafunzi nao waende gereji na ufuoni wakiwa na madaftari, wayaandike maneno ya mafundi kama yanavyosemwa, wayalete darasani yajadiliwe. Na popote fundi anapopimwa ujuzi wake, awe huru kueleza kwa Kiswahili alichokifanya na kwa nini alikifanya. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unadai kupima kile mwanafunzi awezacho kutenda. Hauwezi kutimiza dai hilo ukimfunga ulimi.

Kwa kuanzia, mwalimu na awaulize wanafunzi wake kesho swali hili: gari linateremka mlima, lina injekta, injini imepata joto, mguu haumo kwenye pedeli, na gia ingalimo, je, injini inakula mafuta kiasi gani? Atakayejibu kwamba hailishwi hata tone, na akaeleza sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, atakuwa ameanza kuwa fundi. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa ufundi na wamsikilize pamoja.